Makabidhiano

Kadzo, mlango wa nyuma haufunguki kwa nguvu.
Uinue kidogo kwa bega, ndipo uzungushe ufunguo.
Miaka kumi na tisa nimeujua mlango huu,
na hakuna chuo kilichonifunza.

Ghala hili lilikuwa la mbata.
Mvua ikinyesha, kuta bado hutoa harufu ya nazi,
na wageni huuliza nani anapika.
Waambie ni historia. Kisha wauzie tiketi.

Mimi nilianza na viti.
Viti mia mbili vya plastiki, vya kukodi, kutoka Majengo:
kuvihesabu vikija, kuvihesabu vikirudi,
na vikipungua nalipa mimi.
Jukwaani waliimba mapenzi, ukumbi ukalia machozi,
nami nyuma ya pazia na penseli:
mia moja tisini na saba.

Majirani wa Kibokoni walimuuliza mama,
"Mwanao afanya kazi gani?"
"Yuko kwenye mambo ya ngoma," akijibu,
kwa sauti ya mtu asemaye fulani kalazwa hospitali.

Cheo hakikuja na kiti kizuri. Kilikuja na barua.
Barua kwa kaunti, kuomba uwanja.
Barua kwa benki, kuomba neno "utamaduni"
lisomwe walau mpaka mwisho.
Barua kwa polisi, kuahidi kwamba saa nne usiku
lelemama itanyamaza,
na lelemama, wajua, haivai saa.

Kwa wafadhili nilisema "walengwa".
Kwa walengwa nilisema, "Njoo ule kwanza."

Mwenye kiwanda cha mabati alitaka bango
lenye jina lake pana kama mlango,
na la mwimbaji dogo kama bei ya kiberiti.
Nilikubali. Tulikuwa gizani, umeme umekatwa.
Usinicheke, nawe utakubali siku moja.
Ila siku hiyo ujue unachouza.

Sasa fungua ukurasa wa arobaini na moja,
palipokunjwa.
*Mbwarahaji, mpiga udi. Elfu kumi na nane.*
Alipiga Jumamosi. Nikamwambia Jumatatu.
Jumatatu mwenye saini ya pili alikuwa Nairobi,
kwenye semina ya uongozi bora.
Jumatano alikuja mwenyewe, akaketi pale ngazini.
Hakudai. Aliuliza kama chai ipo.
Ijumaa, baada ya swala, tukamzika.

Nilipeleka bahasha matangani.
Mjane wake aliifungua mbele yangu,
akahesabu noti kwa noti,
kama mimi na viti vyangu.
"Zimetimia," akasema.
Basi.
Sijasikia bado neno zito kuliko hilo.

Kile kisanduku cha chuma chini ya meza
nilikinunua wiki ile.
Msanii hulipwa kabla jasho halijakauka:
sote tulihubiriwa hivyo,
wachache tuliolitia kwenye bajeti.

Watakuja watu wa Mji wa Kale kuuliza
Mgiriama ataujuaje udi.
Usiwajibu. Hawatakumbuka
kwamba ulikuja hapa na beseni la kachiri,
ukasimama dirishani mpaka wimbo ukaisha,
kachiri zikalowa mvua.
Mimi nakumbuka. Siku ile nilikuhesabu.
Wewe walipe wasanii kwa wakati,
huo ndio ufasaha.

Jioni kutakuwa na hotuba.
Watanitunza leso; nimeshaiona kwa mchapaji,
jina langu limekosewa herufi.
Nitaipokea kwa mikono miwili.

Viti sasa ni vyetu, mia mbili na kumi.
Ukihesabu, utapata mia mbili na tisa.
Rudia, utapata hivyo hivyo.
Kimoja kiko kwangu, barazani,
nimekikalia nikiandika haya.

Kiandike.